Hasira za Barabarani: Tuzitambue, Tuzidhibiti

Katika ukurasa wa afya tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara na lishe ya watoto. Mwezi huu tunaangalia hatari nyingine: hasira za barabarani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Tutazame hapa kwetu Daraja Mbili wakati wa asubuhi. Haisi zinagombea abiria, bodaboda zinapenya katikati, na watoto wa shule wanataka kuvuka. Dereva akichomekewa hupiga honi, hutukana, kisha humfukuza mwenzake ili amkomeshe.

Mwilini kunatokea nini?

Mtu akikasirika, tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda na misuli hukaza. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, lakini dereva ameketi. Nguvu hizo huishia kwenye usukani na mafuta. Macho yake yanamwandama yule aliyemuudhi, hivyo ni rahisi asimwone mtoto aliye kando ya njia.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Hata dereva makini huhitaji sekunde moja hivi, au zaidi, kuona hatari na kukanyaga breki. Likienda kilomita 80, sekunde hiyo hiyo hula mita 22. Anayemfukuza mwenzake akiwa mita 5 nyuma yake hana nafasi ya kusimama.

Hasira hutoka wapi?

Mara nyingi huanza kabla ya safari: usingizi mchache, njaa, pombe, ugomvi wa nyumbani au deni. Dereva wa daladala huwaza pia hesabu ya tajiri. Abiria aliyechukuliwa na mwingine humwona kama tonge lililoporwa mdomoni mwake.

Tufanye nini?

1. Dereva, ukichokozwa, punguza mwendo, vuta pumzi polepole mara kadhaa, umwache apite. Moyo ukizidi kwenda mbio, egesha gari mahali salama hadi utulie.

2. Usijibu matusi wala ishara za mkono.

3. Abiria, tusishangilie mbio. Tumwombe dereva kwa upole apunguze mwendo. Asiposikia, tutoe taarifa kwa trafiki.

4. Mwenye gari, panga hesabu inayolipika bila mashindano, na mpe dereva siku ya kupumzika.

Wahenga walisema, hasira hasara. Barabarani hasara hiyo huweza kumwangukia mtu asiyekuwamo kabisa katika ugomvi: mama aliyejitwika ndoo, au mtoto anayekwenda shule.