Mtoto Anarudi na Matope Magotini, Nimhamishe Shule?

Mdogo wangu wa Chamazi, ujumbe wako nimeusoma mara tatu kabla sijakaa kukujibu. Unasema mwanao wa darasa la tatu anasoma kwenye shule ndogo huko pembezoni mwa Dar es Salaam, kupita Mbande, na kila wiki mwalimu anawatoa nje. Leo wako bondeni kwenye mchicha, wiki ijayo kwa mfyatua tofali, siku nyingine wanapima kivuli cha mnazi kwa kamba. Baba mtu amechoka kuona matope. Anataka mtoto ahamie Ingilishi midiamu ya Rangi Tatu, na ada ya muhula wa kwanza mkope VICOBA. Majirani nao wanakuuliza hiyo shule yenu ya serikali, Mtakatifu Kayumba kama wanavyoiita, inafundisha nini.

Subiri kwanza. Kabla hujakopa, fungua daftari la mtoto.

Nakwambia hivyo kwa sababu mimi nililima sana shuleni. Nilikwenda na kidumu cha maji, fagio la chelewa, na siku ya EK, yaani Elimu ya Kujitegemea, jembe begani. Tulipanda mihogo, tukapalilia, tukang'oa. Hakuna siku hata moja tuliyoambiwa yametoka magunia mangapi, yameuzwa wapi, pesa imenunua nini. Aliyechelewa mstarini aliongezewa tuta, basi jembe tukalijua kama tunavyoijua fimbo. Kwenye Stadi za Kazi tuliambiwa kila mmoja alete mkeka aliousuka mwenyewe. Mama akaenda sokoni akanunua, nikapata maksi nzuri kwa mkono wa mtu nisiyemjua. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo mumeo simlaumu hata kidogo. Watu wa rika letu wakisikia mtoto analima shuleni, wanakumbuka adhabu.

Lakini sivyo Mwalimu Nyerere alivyotaka. Andiko lake la Elimu ya Kujitegemea lilitoka Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, na humo alitaka wanafunzi washiriki kuamua shamba liendeshweje, mahesabu yatunzwe, na wao wawe na sauti juu ya mapato. Wakati huo mfano ulikuwepo. Kule Litowa, Songea, vijiji vya Ruvuma Development Association vilikuwa na shule yao, watoto wakisoma huku wakishiriki kazi za kijiji walichokifahamu. Mwaka 1969 chama tawala, TANU, kikaivunja jumuiya hiyo. Kwa wengi wetu, la Mwalimu lililotufikia lilikuwa jembe. Hesabu zilibaki ofisini.

Ndiyo maana nataka ulione daftari. Mchicha ukiusia leo, baada ya wiki tatu nne unavunwa, na ndani ya wiki hizo mtoto wa darasa la tatu anaweza kujifunza mambo mengi mno. Anapima tuta kwa kamba na kuandika urefu wake. Anahesabu mafungu yaliyotoka, anazidisha kwa bei ya fungu, anatoa pesa ya mbegu na samadi, anaona kilichobaki. Anajiuliza kwa nini tuta lililo karibu na maji limeota vizuri na lile la juu limedumaa. Masika bonde likijaa, mwalimu anamuuliza haya maji yanakwenda wapi, na hapo ndipo hata Mto Kizinga unaweza kuingia darasani, mto uleule ambao maji yake husafishwa pale Mtoni, watu wakayapata bombani. Mtoto akishajua hivyo, ataitazama kwa jicho jingine taka inayotupwa mtoni.

Na wewe wa Mabwepande uliyeniuliza swali linalofanana na hili, kwenu kitabu kiko mlangoni. Kuna familia zilizohamishiwa huko mwanzoni mwa 2012, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuwakuta bondeni Jangwani. Mwalimu akimwomba bibi mmoja aje awasimulie watoto maji yalivyoingia ndani, kisha wakachora bonde na mlima, somo hilo hawatalisahau.

Sasa narudi kwako wa Chamazi. Ukikuta daftari halina kitu, mtoto kazi yake ni kuchota maji ya walimu na kupalilia, basi mumeo yuko sahihi, na uende shuleni kusema. Nenda na wazazi wenzako wawili, ongeeni na mwalimu mkuu kwa heshima, mwombe kikao cha kamati ya shule. Ukikuta vipimo, michoro, mahesabu yaliyosahihishwa, mwache mtoto hapo alipo.

Lakini msomeshe pia. Mpe aya moja ya hadithi aisome kwa sauti. Akijikwaa kila neno, hilo ni la kushughulikia leo, kwa sababu mwakani ana upimaji wa darasa la nne na mchicha hautamsomea swali. Hofu yako ya Kiingereza ni ya haki pia, maana sekondari masomo mengi yanafundishwa kwa lugha hiyo. Sehemu ndogo ya pesa mliyotaka kukopa inatosha vitabu vya hadithi vya Kiingereza, nusu saa kila jioni, wewe na yeye mkekani. Hilo naliona bora kuliko kumwamsha saa kumi na moja alfajiri awahi gari la shule, alale kichwa kwenye kioo mpaka Rangi Tatu.

Jambo jingine, uliza usajili. Shule ndogo za pembezoni nyingine ni shule shikizi, zinalelewa na shule mama, na hilo si kosa. Serikali yenyewe ilitenga madarasa 3,000 kwa shule shikizi katika ujenzi wa madarasa uliofanywa kwa fedha za kukabiliana na UVIKO-19. Ila ujue mwanao atafanyia mtihani wapi, na akimaliza madarasa yaliyopo atatembea umbali gani kwenda shule mama. Wakikuzungusha juu ya namba ya usajili, hapo usibaki.

Nenda siku ya kutoka nje, na baba yake mwende naye. Vaeni viatu vya matope, msimame pembeni, msimsemee mtoto. Jioni mwambie baba amuulize mtoto maswali mwenyewe. Kisha niandikie, uniambie mchicha wao umeuzwa shilingi ngapi fungu, na kama mtoto ndiye aliyekutajia.