Laela hadi Kaoze: Mwongozo wa Mgeni Ufipa

Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ina kilomita 223, na Laela iko kilomita 95 kabla ya kufika Sumbawanga. Abiria wengi huiona kupitia dirisha la basi tu. Teremka hapo, ulale walau usiku mmoja, kisha ushuke bonde la Ziwa Rukwa hadi Kaoze. Ukifanya hivyo utauelewa mkoa wa Rukwa kuliko aliyekaa wiki nzima hotelini Sumbawanga mjini.

Mabasi na kosta za Mbeya, Tunduma na Sumbawanga hupita Laela mchana kutwa. Anayetoka Dar es Salaam anaweza pia kuja na treni ya TAZARA hadi Tunduma, ikiwa inasafirisha abiria, halafu akapanda basi. Lami hii ilijengwa kwa msaada wa Marekani, chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia uliosainiwa mwaka 2008, enzi za Rais Kikwete na Rais Bush. Ujenzi uligawanywa vipande vitatu, na Laela ndiyo ilikuwa mpaka wa viwili kati ya hivyo. Lami ilipofika, biashara ya nafaka nayo ikasogea barabarani.

Laela ina hadhi ya mji mdogo. Mji mdogo unaanzishwa kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, unagawanywa kwa vitongoji, na unabaki chini ya halmashauri ya wilaya. Kilichoibadilisha Laela zaidi ni ofisi. Kwa miaka mingi Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga ilikuwa na makao yake Sumbawanga mjini, ndani ya eneo la manispaa, mbali na wananchi wake. Wakati wa Rais Magufuli halmashauri za namna hiyo ziliagizwa zihamie kwa watu wao, na hii ikahamia Laela. Kwa hiyo njoo siku ya kazi. Utawakuta walimu wanaofuatilia uhamisho, wazee wenye mafaili ya migogoro ya mashamba, na madereva wa bodaboda wanaojua kila idara iko jengo gani.

Kuhusu malazi sina mengi ya kusema: gesti zipo, ni za kawaida, ulizia maji ya moto kabla ya kulipa. Uwanda wa Ufipa una baridi, na mwezi wa Juni na Julai asubuhi yake inauma kwelikweli. Beba sweta nzito. Beba na fedha taslimu, maana wakala wa simu anaweza kuishiwa, na ukishuka bondeni hali huwa ngumu zaidi.

Kula ugali wa ulezi. Una rangi ya kahawia iliyoiva, ni mzito, na kwa maharage ya Ufipa hauhitaji kitu kingine. Mama lishe wengi hupika wa mahindi, basi waombe mapema. Kisha tembea pembezoni mwa mji uone mashamba. Pale ambapo kilimo cha asili bado kipo utaona matuta ya mviringo yaliyopangana shamba zima. Mkulima hukata nyasi, huzifunika kwa udongo, na huziacha zioze. Msimu unaofuata huyatawanya matuta na kupanda kwenye udongo ulioshiba. Ni mbolea isiyonunuliwa, na ni elimu ya Wafipa tangu enzi za mababu. Ni Wafipa haohao waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Usije na mzaha kwamba watu wa huku hutumiana radi kwa uchawi. Watu wa Rukwa wamesikia mizaha hiyo kila walikokwenda, wamechoka. Amkia wakubwa shikamoo, uliza habari za mashamba, na mazungumzo yatakwenda mbali.

Safari ya Kaoze iandalie siku nzima, tena wakati wa kiangazi. Njia ya Kalambanzite huteremka Lyamba lya Mfipa, ukingo mkubwa wa Bonde la Ufa, hadi Ilemba. Utaondoka na sweta kwenye uwanda unaokaribia mita 1,800 na kuivua chini, kwenye joto la Ziwa Rukwa, takribani mita 800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa hilo halina mto unaotoka, hivyo kina chake hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Kutoka Ilemba unafuata barabara ya bondeni ielekeayo Kilyamatundu, na Kaoze iko upande huo. Huku mahindi na ngano vinaupisha mpunga na ufuta, na makundi ya ng'ombe wa Wasukuma huonekana barabarani.

Ukifika Kaoze, ripoti kwanza ofisi ya mtendaji usaini kitabu cha wageni. Lala ndani ya chandarua, malaria ya bondeni haina huruma. Kuanzia Novemba hadi Aprili usishuke bila kumuuliza dereva aliyepanda mlima siku hiyohiyo. Na usafiri wa kurudi upange jioni, umwambie dereva unakolala, kwa sababu magari mengi huondoka alfajiri na yakijaa hayakungoji.