Kiini cha Mfumo na Mashine ya Michezo: Namna Kompyuta Inavyofundishwa Kuvitambua Viungo Vyake

Katika miji mingi ya Tanzania, Masasi na Newala zikiwamo, vimo vyumba vidogo ambamo vijana hulipa fedha kidogo wakacheza mpira wa miguu kwenye televisheni kwa mashine iitwayo PlayStation. Wazazi na walimu wengi huviona vyumba hivyo kuwa adui wa daftari, na pengine hawakosei sana. Hata hivyo, kitu kinachowekwa chini ya televisheni ile si mwanasesere. Ni kompyuta kamili, yenye prosesa, kumbukumbu, diski na milango ya kuunganishia vifaa vingine. PlayStation 3, iliyoanza kuuzwa Novemba 2006, ilikuwa na prosesa ya aina ya Cell iliyokwenda kwa mizunguko bilioni 3.2 kwa sekunde. Mwaka 2007 mwanafizikia Gaurav Khanna wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth, Marekani, aliziunganisha mashine hizo, kwanza 8 na baadaye 16, akazitumia kukokotoa mawimbi ya mvutano yatokanayo na mashimo meusi ya angani.

Basi, ikiwa mashine ileile inaweza kukokotoa mambo ya angani, kwa nini ile iliyomo mjini haiwezi hata kuandika barua ya shule? Jibu halimo katika chuma wala katika nyaya. Limo katika programu moja, nayo ndiyo kiini cha mfumo wa uendeshaji.

Kazi ya kiini

Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua ikinyesha, maji huzama katika udongo wa kichanga na kutokea chini kabisa, mabondeni na kwenye miteremko ya ukingo. Ndiyo maana kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka mteremko wakiwa na vyombo vitupu na kuupanda wakiwa na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, ulileta utaratibu mwingine: maji yasukumwe kwa pampu kutoka bondeni, yapande kwa mabomba, na mtu ayapate kwenye kituo cha kuchotea. Anayekuja na ndoo hahitaji kujua pampu ilitengenezwa wapi wala bomba limepita shamba la nani. Humwendea msimamizi wa kituo, hungoja zamu yake, hupewa kiasi chake.

Katika kompyuta, wenye ndoo ni programu za kawaida, kama vile ya kuandikia barua, ya kukokotolea hesabu, au ya kuonyeshea picha. Kiini ndicho msimamizi. Kiini hugawa muda wa prosesa, hugawa nafasi katika kumbukumbu, na hupokea maombi yote ya kusoma diski au kuandika kwenye kioo. Programu haishuki bondeni yenyewe.

Ili kazi hiyo ifanyike, kiini lazima kijue tabia ya kila kifaa. Maelezo ya tabia ya kifaa kimoja huandikwa katika sehemu ya kiini iitwayo kiendeshi. Chukua mfano wa pedi ya PlayStation 3, yaani kile kidude cha mkononi chenye vitufe. Ukiichomeka kwa waya katika kompyuta ya kawaida isiyo na kiendeshi chake, kompyuta huona kwamba kuna kitu kimeunganishwa, lakini vitufe vikibonyezwa hakuna habari inayofika. Pedi si mbovu. Imeundwa hivyo kwamba haianzi kutuma habari mpaka iulizwe kwanza swali moja maalumu. Ni kama mzee ambaye hafungui mazungumzo na kijana asiyemwamkia: pasipo shikamoo, hapana marahaba. Kiendeshi chake katika kiini cha Linux hutoa amkio hilo kwa namna pedi inavyolitarajia, na papo hapo vitufe huanza kufanya kazi. Kiini kisicho na kiendeshi hicho kitaitazama pedi mwaka mzima bila kupata jibu.

Kutoka maandishi hadi tarakimu

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Maandishi yake ya asili, yaliyo katika lugha ya C, yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Uwazi wa namna hii umekwisha kuifaa Tanzania pia: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Programu ambayo maandishi yake yamefichwa haiwezi kutafsiriwa na mtu yeyote ila mwenye nayo.

Prosesa haielewi lugha ya C. Inaelewa amri zake chache tu, zilizoandikwa kwa tarakimu. Programu inayogeuza maandishi ya C kuwa amri hizo huitwa kompaila, na kazi yenyewe katika makala haya itaitwa kufasiri. Kufasiri kiini upya, basi, ni kuyachukua maandishi ya asili, kuamua ni viendeshi gani vitiwe na vipi viachwe, kisha kuyapitisha tena katika kompaila ili kipatikane kiini kingine kinachoifaa mashine iliyopo.

Uamuzi huo ndio sehemu yenye kuhitaji akili. Kufikia mwaka 2009 maandishi ya kiini cha Linux yalikuwa na mistari zaidi ya milioni 10, na sehemu kubwa yake ni viendeshi vya vifaa ambavyo mashine moja haiwezi kuwa navyo vyote. Kwa kila kiendeshi mtu huchagua moja kati ya njia tatu: kukishona ndani ya kiini, kukitenga kiwe kipande cha kupachikwa kinapohitajika, au kukiacha kabisa. Kiendeshi cha diski ambayo mfumo wenyewe umehifadhiwa ndani yake yafaa kishonwe ndani, kwa sababu kikitengwa kitakuwa kimewekwa katika sanduku ambalo ufunguo wake umo ndani ya sanduku hilohilo. (Upo ufundi wa kulikwepa tatizo hili, lakini anayeanza hana haja nao.) Kiendeshi cha kichapishi kinaweza kutengwa. Kuhusu PlayStation 3, walioandika viendeshi vyake waliacha katika maandishi ya kiini faili iitwayo «ps3_defconfig», yenye uchaguzi uliokwisha kufanywa, na mtu huanzia hapo akarekebisha machache.

Faida ya kurekebisha huonekana katika kumbukumbu. PlayStation 3 ina kumbukumbu kuu ya megabaiti 256, na nyingine 256 zilizotengwa kwa ajili ya picha. Linux katika mashine hiyo haikuruhusiwa kutumia uwezo wa kuchora wa prosesa ya picha, hivyo sehemu kubwa ya kumbukumbu ya pili ilikaa bure, ilhali ile ya kwanza ilijaa upesi. Mfumo ukijaa, kiini huhamisha vitu visivyohitajika kwa wakati huo na kuviweka kwenye diski. Lakini diski yenye sahani inayozunguka ni nzito mno ikilinganishwa na kumbukumbu, na mtumiaji huona kila kitu kikisuasua. Mwaka 2009 kiendeshi kiitwacho «ps3vram» kiliingizwa katika kiini. Kiendeshi hiki huifanya kumbukumbu ya picha ionekane kama diski ndogo yenye kasi, na kiini kikapata ghala la karibu. Mwenye kiini cha zamani hakupata ghala hilo mpaka alipokifasiri upya, ingawa kumbukumbu yenyewe ilikuwamo ndani ya mashine tangu ilipotoka kiwandani.

Kufasiri mahali pengine

Kufasiri kiini ndani ya mashine yenye kumbukumbu ndogo huchukua saa nyingi. Kwa hiyo wengi huifanya kazi hiyo katika kompyuta kubwa zaidi, kisha wakauhamisha mzigo uliokamilika. Hapa pana jambo la kuangalia. Amri za prosesa ya Cell ni za jamii ya PowerPC, na kompyuta nyingi za mezani hutumia amri za jamii ya Intel. Kompaila ya kawaida ya kompyuta hiyo itatoa amri za Intel, ambazo PlayStation 3 haiwezi kuzisoma kabisa. Huhitajika kompaila inayokaa katika mashine moja na kuandikia lugha ya mashine nyingine.

Hata mpangilio wa namba hutofautiana. Mswahili husema «ishirini na moja», akianza na kubwa. Mwarabu husema «moja na ishirini», akianza na ndogo, na wanafunzi waliopita madrasa wanaifahamu tofauti hiyo. Namba ni ileile. Mashine za jamii ya Intel huhifadhi baiti ndogo ya namba kwanza, na Linux katika Cell huhifadhi iliyo kubwa kwanza. Kiendeshi kilichoandikwa bila kulijali jambo hili kitafanya kazi vizuri katika mashine moja na kusoma upuuzi katika nyingine.

Kazi ya saa nyingi na umeme wa kukatikakatika havipatani, na mwalimu wa Newala atauliza mara moja ikiwa umeme ukikatika kazi huanza upya. Haianzi upya. Kufasiri huongozwa na programu iitwayo «make», iliyoandikwa na Stuart Feldman wa Bell Labs mwaka 1976. Kiini kimegawanywa katika maelfu ya faili, na kila faili la C hutoa faili lake la amri. Kabla ya kufasiri faili, «make» hulinganisha tarehe: ikiwa faili la amri ni jipya kuliko maandishi yake, huliruka. Umeme ukirudi, amri ileile ikitolewa tena, kazi huendelea karibu na pale ilipokatikia.

Mitego imo miwili. Faili lililokuwa likiandikwa wakati umeme ulipokatika linaweza kubaki nusu, na kwa kuwa tarehe yake ni mpya, «make» italidhania kuwa zima. Yafaa mafaili ya dakika za mwisho yafutwe kabla ya kuendelea. Mtego wa pili huzipata mashine kuukuu. Betri ndogo ya saa ikiisha, mashine hupoteza tarehe kila inapozimwa, pengine ikarudi Januari 1, 1970, siku ambayo mifumo ya jamii ya Unix huanzia kuhesabu sekunde. Hapo faili lililofasiriwa sasa hivi huonekana limezeeka kuliko maandishi ya mwaka jana, na «make» hufasiri kila kitu tena na tena. Saa na irekebishwe kwanza.

Aliyeshika koki bondeni

Hadi hapa kiini kimeelezwa kana kwamba ndicho chenye neno la mwisho. Katika PlayStation 3 sivyo ilivyokuwa. Chini ya kiini mtengenezaji, kampuni ya Sony, aliweka programu nyingine iitwayo haipavaiza. Kiini cha Linux hakikugusa vifaa moja kwa moja. Kiliomba kwa haipavaiza, nayo ilikubali au ilikataa. Hiyo ndiyo sababu Linux ilinyimwa uwezo wa kuchora picha. Msimamizi wa kituo cha maji anaweza kupanga foleni kwa haki na kurekebisha bomba lake apendavyo, lakini koki kubwa iko bondeni, mikononi mwa mwingine.

Sony yenyewe ndiyo iliyokuwa imefungua mlango. Mwaka 2002 iliuza Marekani na Ulaya vifaa vya kuiweka Linux katika PlayStation 2, pamoja na diski ya gigabaiti 40, kibodi na kipanya, ingawa mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu. Katika PlayStation 3 nafasi ya kuweka mfumo mwingine, iliyoitwa OtherOS, ilikuwamo tangu mwanzo. Toleo jembamba la Septemba 2009 lilitoka bila nafasi hiyo. Januari 2010 kijana Mmarekani, George Hotz, alitangaza kwamba ameweza kuupenya ulinzi wa haipavaiza. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilitoa programu ya kiwanda toleo la 3.21, iliyoiondoa OtherOS hata katika mashine zilizokwisha kununuliwa, ikitoa sababu ya usalama. Aliyekataa toleo hilo alibaki na Linux yake lakini alifungiwa michezo ya mtandaoni. Aliyelikubali aliipoteza Linux. Wanunuzi walifungua mashauri Marekani mwaka huohuo, na jambo hilo likaishia kwa suluhu ya dola milioni 3.75 mwaka 2018.

Usalama ni sababu ya kweli, na kampuni ina haki ya kuulinda mtambo wake. Lakini uwezo uliotajwa wakati bidhaa inauzwa ni sehemu ya bei iliyolipwa, na ni vigumu kuona kwa haki gani huchukuliwa baadaye. Viendeshi vya PlayStation 3, kwa upande wao, havikuondolewa katika maandishi ya kiini cha Linux.

Shule itakayopewa PlayStation 3 iliyotumika isiiunganishe na mtandao kabla ya kuitazama. Ifunguliwe sehemu ya mipangilio na kusomwa namba ya toleo la programu ya kiwanda. Ikiwa mashine ni ya umbo nene la awali na namba ni chini ya 3.21, OtherOS imo, na mafunzo yote yaliyoelezwa hapa yanaweza kufanywa juu yake. Mashine za namna hiyo ni adimu sasa. Zoezi lilelile laweza kufanywa katika kompyuta yoyote kuukuu yenye Linux, ambayo kadi yake ya sauti au ya mtandao haitambuliwi: wanafunzi waitafute aina ya kadi, watafute kiendeshi chake katika orodha ya kiini, wakichague na kufasiri. Kiini cha zamani kisifutwe. Kiachwe katika orodha ya kuwashia pamoja na kile kipya, kwani kiini cha kwanza kufasiriwa na wanafunzi aghalabu hukataa kuwaka, na sababu yake mara nyingi ni kile kiendeshi cha diski kilichoachwa nje.