Kuchagua Namba ya Tairi kwa Gari Kuukuu

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wenye magari na madereva wa Lusenda na wa vijiji vingine vya kandokando ya Barabara ya Taifa namba 5, ile itokayo Uvira ikaandama ufuo wa Ziwa Tanganyika hata Baraka, kisha ikapanda milima kwenda Fizi. Magari yanayohimili safari hiyo, yakichukua ndagala, muhogo na abiria, aghalabu ni ya umri mkubwa, na mwenye gari la namna hiyo afikapo dukani hukuta kwamba namba iliyo ubavuni mwa tairi lake la zamani haipo, ila zipo nyingine, na muuzaji, ambaye muradi wake ni kuuza, humwambia, "Hili litaingia tu." Kuingia si hoja. Tairi lolote la inchi 16 huingia katika rimu ya inchi 16, hata ikiwa kimo chake na uzito linaoweza kubeba haviwafikiani na gari lile kabisa.

Namba na hesabu yake

Katika namba za siku hizi, mathalan 175/70R13, ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, yaani 70 katika kila mia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Na R huarifu kwamba nyuzi zimefumwa kukatiza tairi kutoka ukingo hata ukingo, ufundi ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliusajili mwaka 1946. Tairi lenye R na lisilo nayo yasifungwe katika ekseli moja.

Magari ya zamani yana namba fupi, kama 155R13, isiyotaja ubavu. Hapo kadiria 80 katika mia. Basi 155 hutoa ubavu wa milimita 124, na mbavu mbili 248. Ongeza rimu, ambayo ni 13 mara 25.4, yaani 330, upate kimo cha 578. Kwa 175/70R13 hesabu hiyo hiyo hutoa 575. Tofauti ya milimita 3 si kitu, kwa maana hatari huanza pale kimo kinapozidi au kupungua kwa zaidi ya 3 katika mia. Kwa hiyo gari dogo lililotoka kiwandani na 155R13 laweza kuvaa 175/70R13, maadamu rimu yake ina upana wa inchi 5 hivi na tairi halisugui mahali popote usukani ukatwapo hadi mwisho.

Land Cruiser

Taabu kubwa ya hapa petu ni Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, ambazo nyingi zilikuja na 7.50R16, tairi la kimo cha kama milimita 805. Wapo wasemao kwamba 235/85R16 ni ndugu yake, na kwa kimo wasema kweli, kwani hesabu hutoa 806. Lakini tairi hilo hutaka rimu isiyopungua inchi 6, ilhali rimu za asili zenye pete ya kufungua aghalabu ni za inchi 5.5. Rai yetu ni kwamba 7.50R16, ambalo bado lauzwa kwa ajili ya malori madogo, linunuliwe hilo hilo pamoja na tyubu yake.

Ama anunuaye 235/70R16 kwa sababu ya urahisi wa bei, huyo amepunguza kimo hata 735: gari limeshuka milimita 35, na jiwe la mtoni lililokuwa likipita chini ya difu sasa litaigonga, na mshale uonyeshapo 60 yeye yuko 55. Tairi refu kupita kiasi hufanya kinyume, humficha dereva mwendo wake na kula madigadi. Kibaya zaidi ni kuweka vimo mbalimbali mbele na nyuma, kisha kutia gia ya magurudumu manne kwenye ardhi ngumu. Hapo gia hushindana zenyewe hata zivunjike.

Uzito na umri

Baada ya kimo, soma namba ya uzito: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615. Isiwe chini ya ile ya asili. Soma pia tarakimu nne za tarehe, ambapo 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Tairi la mtumba lililopita miaka 10 likatae, hata kama meno yake yangali marefu, kwani mpira huzeeka kwa jua na joto.

Kabla ya kwenda Uvira au Baraka, andika karatasini namba ya tairi la asili, ya uzito, na upana wa rimu. Chukua na utepe wa fundi cherehani, na muuzaji akikukataza kupima, nunua kwingine.