Kibaba cha Idi: Somo la Kuzidisha

Shule zinapofunguliwa baada ya Idi el Fitri, huenda mwalimu akawauliza watoto, "Nani alivaa nguo mpya?" Swali hilo humwinamisha kichwa yule ambaye wazazi wake hawakujaliwa kununua. Yafaa mwalimu aanze na jambo lililopimwa nyumbani bila kumfedhehesha mtu: zaka ya fitri.

Vifaa: Kibaba, pishi, na mchanga mkavu badala ya mchele.

Hatua ya 1: Watoto wapime wenyewe hadi waone kuwa vibaba 4 hutimiza pishi 1.

Hatua ya 2: Mwalimu aeleze kwamba mwenye uwezo hutoa pishi 1 ya chakula, takriban kilo 2.5, kwa kila mtu anayemlisha, kabla ya sala ya Idi.

Hatua ya 3: Nyumba ina baba, mama, bibi na watoto 3. Watu 6 mara vibaba 4 ni vibaba 24.

Hatua ya 4: Mama akajifungua siku ya mwisho ya Ramadhani, kabla ya jua kuzama. Je, sasa ni vibaba vingapi? Huenda wengine wakadai kuwa mtoto mchanga hali wali. Waachwe wajadiliane, kisha waelezwe kuwa naye huhesabiwa: vibaba 28.

Tahadhari: Mwalimu asiulize nani alitoa na nani alipokea. Hesabu ni moja kwa wote.