Mtoto Havutwi

Kijitabu cha kaya kuhusu mkono unaolegea kwa mtoto mchanga. Kwa wazazi, mabibi na wakunga wa jadi wa Mtowisa na vijiji vya Bonde la Rukwa.

Tunachokiona kituoni

Mkono mmoja unacheza, wa pili umelala ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma. Begani kuna chale, maana nyumbani wamesema karogwa. Hakurogwa. Mishipa ya fahamu ya shingoni ilivutika alipokuwa anazaliwa.

Kichwa kimetoka, mabega yamekwama

Usivute. Usivute kichwa, usivute shingo, usiukamate mkono ukauvuta. Usikandamize tumbo la mama kwa juu. Usimnyweshe dawa ya kuongeza uchungu. Mama alale chali, magoti yavutwe mpaka kifuani, au apige magoti na kushika chini kwa mikono, kisha asukume. Hapo ni dakika chache kati ya uhai na kifo, ndiyo maana tunasisitiza: jifungulie kituoni, kwa mtu aliyefundishwa kuyatoa mabega. Hata kituoni mabega hukwama, na mtoto anaweza kuumia bila mtu kukosea. Ila nyumbani mikono yenye hofu huvuta. Mtoto havutwi.

Nani asisubiri uchungu akiwa kijijini

Mwenye kisukari. Aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mkono uliolegea. Waambie kliniki mapema, upimwe sukari. Masika barabara zetu huharibika, na kuupanda mlima kwenda Sumbawanga usiku na uchungu juu ya bodaboda ni hatari. Baba, weka nauli kando, mhamishie mama kwa ndugu aliye karibu na kituo. Dharura ikitokea piga 115, ni bure.

Mkono ukilegea

Mlete siku hiyohiyo.

Kumlea

Usimnyanyue kwa kumshika mikono. Usimchue kwa nguvu, usimchanje. Ukimvalisha, anza na mkono mgonjwa. Ukimvua, anza na mzima. Ukimbeba mgongoni, mkono uwe ndani ya kitenge, usining'inie. Mazoezi ya kuunyoosha utaonyeshwa na mtaalamu. Yafanye kila siku, taratibu, bila kuvuta.

Wengi hupona. Akifikisha miezi 3 hajaweza kukunja kiwiko, omba rufaa ya Hospitali ya Mkoa, hata ikibidi kufika Muhimbili, kwa sababu upasuaji wa mishipa hiyo una umri wake. Usiseme mtakwenda mkishauza mpunga.