Somo: Mvua za Kale na Mtaro wa Kesho



Kila Oktoba ikikaribia swali ni lile lile, iwe Kambi Muru au kule Kawangware: mvua ya mwaka huu itakuwaje? Mmoja anasema itakuwa kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Mwingine anajibu, ah, hawa watu wa hali ya hewa wanabahatisha tu.

Swali hili si la mchezo. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mito ya Nairobi ilifurika. Watu walikufa, na nyumba nyingi zikaenda na maji. Kisha serikali ikaamuru wanaoishi kando ya mito wahame, na nyumba zikabomolewa. Sasa kikundi kinachotaka kujenga choo au kununua tangi kinatumia jasho la wanachama. Tujenge wapi? Tujiandae kwa mafuriko au kwa ukame?

Katika somo hili tutajifunza jinsi wanasayansi wanavyojua mvua ya miaka elfu moja iliyopita, na jinsi wanavyopiga hesabu ya mvua inayokuja. Msiogope. Hesabu tutaianzia juu ya mabati yetu wenyewe.

1. MATOPE HUWEKA KUMBUKUMBU

Vipimo vya mvua vilivyoandikwa hapa Kenya ni vya miaka mia moja na kidogo tu. Muda huo ni mfupi. Je, kabla ya hapo tutamwuliza nani?

Wanasayansi waliuliza Ziwa Naivasha. Kila mwaka vumbi, majani na mwani hushuka chini ya ziwa na kuwa matope. Ya mwaka huu hulala juu ya yale ya mwaka jana, kama magunia stoo. Ukishindilia bomba refu na kulivuta taratibu, unapata matope kwa mpangilio: ya juu ni mapya, ya chini ni ya kale. Umri wake hupimwa maabara.

Lakini matope yanaonyeshaje mvua? Fikirieni supu jikoni. Ikichemka sana maji hupungua, chumvi inazidi kusikika. Ziwa nalo ni hivyo hivyo. Wakati wa ukame maji hupungua na kuwa na chumvi zaidi, na mwani wa kupenda chumvi huongezeka. Mvua ikirudi, mwani wa maji baridi unachukua nafasi. Magamba yao madogo sana hubaki ndani ya matope, na mtaalamu huyahesabu kwa darubini.

Dirk Verschuren wa Ubelgiji, pamoja na Kathleen Laird na Brian Cumming wa Kanada, walifanya kazi hiyo na kuitangaza mwaka wa 2000. Walisoma miaka 1,100. Waliona kwamba kati ya mwaka 1000 na 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko leo. Baadaye, mpaka kama 1850, ilikuwa na mvua zaidi, ila iliingiliwa na vipindi vitatu virefu vya ukame: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Ukame huo ulizidi wowote uliopimwa katika karne ya 20.

Na hapa wazee wetu wapewe heshima yao. Miaka hiyo ya ukame inakubaliana na masimulizi ya wazee wa Afrika Mashariki juu ya njaa, vita na watu kuhama. Kumbe babu hakuwa anatunga hadithi.

2. HESABU YA MABATI

Sasa tuje kwa mvua inayokuja. Wanasayansi hutumia kitu wanachokiita modeli, yaani mfano wa dunia uliotengenezwa kwa hesabu. Nasi tutengeneze yetu ndogo.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, inatoa lita 1 ya maji. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina paa la karibu mita 9 za mraba. Ikinyesha milimita 50, paa hilo moja linamwaga lita 450. Hiyo ni zaidi ya mitungi 22 ya lita ishirini! Vyumba 100 vinamwaga lita 45,000, na zote zinatafuta mtaro ule ule. Na kama mtaro umejaa taka nusu, maji yataingia wapi? Kwa nyumba ya mama aliye chini, si ndio?

Hiyo tayari ni modeli. Ya wanasayansi ni kubwa tu zaidi. Wanaigawa hewa ya dunia yote katika vyumba, halafu kompyuta inapiga hesabu ya joto, upepo na unyevu unaopita kutoka chumba hadi chumba. Mmoja wa waanzilishi wake ni Syukuro Manabe. Mwaka wa 1967 alionyesha kwa hesabu jinsi hewa ya ukaa inavyoongeza joto duniani, na mwaka wa 2021 alipata Tuzo ya Nobel.

Shida ni kwamba katika modeli nyingi kila chumba kina upana wa kilomita mia moja hivi au zaidi. Nairobi, Ngong, Thika na Limuru zinaweza kuingia chumba kimoja! Ndiyo maana wataalamu wa Uingereza na wenzao walitengeneza modeli ya Afrika yenye vyumba vya kilomita 4 na nusu, kama mwendo wa miguu kutoka Kibera hadi Kawangware. Matokeo waliyotangaza 2019 yalionyesha mambo mawili kwa pamoja: mvua za ghafla zitakuwa kali zaidi, na siku kavu katikati ya msimu wa mvua zitaongezeka.

3. KWA NINI YA KALE YANAHITAJIKA

Fundi mpya humpi kazi kubwa kabla ya kuona kazi yake ya zamani. Modeli nayo hupimwa hivyo. Inaambiwa: tuonyeshe mvua za miaka iliyopita. Ikikubaliana na vipimo na matope, tunaanza kuiamini.

Kwa Afrika Mashariki mtihani huu umekuwa mgumu. Modeli nyingi zilisema mvua itaongezeka. Lakini mvua za Machi hadi Mei zilipungua kuanzia miaka ya 1980 mpaka karibu 2010. Wataalamu wenyewe wanakiita kitendawili. Halafu misimu mitano mfululizo ikakosa mvua ya kutosha, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Na 2024, mafuriko.

Wengine watasema, "Kama ukame ulikuwako zamani, basi moshi wa magari na viwanda hauna makosa." Hapana. Zamani mabadiliko yalikuwa na sababu za asili. Leo tumeongeza nyingine. Barafu ya kale ya Antaktika inaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda, hewa ya ukaa haikuzidi sehemu 300 katika kila milioni. Sasa imepita 420. Na joto la hewa likiongezeka kwa nyuzi 1, hewa hubeba unyevu zaidi kwa karibu asilimia 7. Ikiumwaga, inaumwaga kwa nguvu.

Kwa hiyo tusichague kati ya mafuriko na ukame. Matope ya Naivasha yanasema vyote viwili ni vya hapa kwetu.

4. KIKUNDI KIFANYE NINI?

(a) Wekeni kopo la pande zilizonyooka mahali pa wazi. Kila asubuhi pimeni maji kwa rula na kuandika milimita.

(b) Waulizeni wazee: maji yalifika wapi 1997? 2024 je? Wekeni alama ya rangi ukutani. Choo na stoo visijengwe chini ya alama hiyo.

(c) Zibueni mitaro kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, kuanzia chini kwenda juu.

(d) Wekeni gata kwenye mabati. Maji yanayoingia tangini hayaendi kwa jirani, na wakati wa ukame mtayafurahia.

(e) Fuateni utabiri wa msimu. Makao ya Idara ya Hali ya Hewa ni hapo Dagoretti Corner, mwendo wa miguu tu. Utabiri hausemi lazima; unasema uwezekano. Utumieni kama hivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Mtaro wetu unabeba maji ya vyumba vingapi? Pigeni hesabu kwa milimita 50.

2. Nani kati yetu anaishi chini ya alama ya 2024? Mvua ikianza usiku, watoto wake watalala kwa nani?

3. Pesa za kikundi zikitosha kitu kimoja tu, tuanze na mtaro au tangi? Kwa nini?

Swali la pili lijibiwe kabla ya kikao kufungwa, na majina yaandikwe kwenye daftari.